Mlango wa Banda la Kuku

Transfoma ya mtaa ililipuka Jumatatu asubuhi, na kabla moshi wake haujatawanyika, watu walikuwa wamekwisha kufika mlangoni kwa Nguzo kumdai umeme wao. Aliyetangulia ni fundi cherehani wa nyumba ya pili. Mkononi alikuwa na suruali ya mteja, mguu mmoja umeshonwa, wa pili bado.

"Mzee Nguzo, hao wenzako wamefanya nini tena?"

"Wenzangu gani? Mimi nimestaafu."

"Mbona koti halijastaafu?"

Kweli alikuwa amelivaa. Lilikuwa koti la kazi la shirika la umeme, zito, lenye bitana nene na mifuko mingi ya vifungo, na beji ya shirika upande wa moyo. Mtaa ule uko kilimani na asubuhi zake ni za baridi, kwa hiyo Nguzo alikuwa na kisingizio. Lakini watu walijua kwamba hata jua likiwaka alilivaa, na kwamba jina la Nguzo walilompa halikumkera hata kidogo. Umeme ukiwaka hakuna aliyekuja kumshukuru. Ukikatika, walikuja hadi wasiokuwa na mita.

Akatoa simu, akapiga kwa watu wake wa zamani, akaongea kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie anavyojuana nao. Akasikiliza. Akakata.

"Kesho asubuhi," akatangaza.

"Kesho ya kwetu sisi au kesho ya shirika?" akauliza fundi cherehani, na watu wakacheka, wakatawanyika wakiwa wamekasirika vilevile walivyokuja.

Ndani, mke wa Nguzo hakuwa amecheka wala kutoka. Alisimama kwenye ukumbi wa nyuma, mgongo kaubana kwenye mlango wa friji, mikono kaitandaza, kana kwamba joto ni mwizi anayeweza kutoroka akizubaa. Friji lile halikuwa limegandisha kitu kwa miaka mingi. Lilipokufa, mumewe alilitoa injini, akalifunga balbu nne za moto na feni ndogo, akatoboa tundu la kipimajoto, likawa mashine ya kutotolea vifaranga. Ndiyo kazi aliyojivunia kuliko zote alizozifanya tangu astaafu. Mkewe naye ndiye aliyeligeuza kuwa riziki: watu wa mtaa walimletea mayai, yeye akawarudishia vifaranga, akabaki na fungu lake. Wakamwita Mama Vifaranga.

Wiki ile friji lilikuwa limejaa mayai ya mtaa mzima, trei juu ya trei, kila trei na alama ya mwenyewe. Yalikuwa yamebakiza siku tatu kuanguliwa. Yai lililofika hapo lina kifaranga kamili ndani, chenye mdomo na kucha, kinangoja tu ruhusa ya kutoka. Likipoa, limekufa na mtu ndani. Na mayai yakifa safari hii, hakuna ambaye angemwachia tena hata yai la kukaanga.

"Wamesema kesho," Nguzo akamwambia.

"Nimesikia. Na mayai nayo yamesikia?"

*

Jioni ile nyumba ilikuwa na taa moja tu, na taa hiyo ilikuwa ya mama mkwe.

Bibi alikuwa amekuja wiki iliyopita kumjulia hali bintiye, na kwenye mkoba wake alibeba taa ndogo ya sola, ukubwa wa kikombe, ambayo kila asubuhi aliiweka dirishani "ile jua." Nguzo aliisifu siku ya kwanza kama mtu anavyosifu kichezeo cha mtoto. Sasa ilikaa katikati ya meza na nyumba nzima imeizunguka, isipokuwa yeye. Alikuwa amegeuzia kiti chake ukutani, anasoma gazeti gizani.

"Mkwe wangu, sogea karibu na taa," Bibi akasema.

"Hapa naona vizuri tu, Mama."

"Gazeti umelishika juu chini, baba."

Nguzo akalikunja gazeti taratibu, akasema alikuwa amekwisha kulimaliza.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bibi akajisemea, akaendelea kuchambua maharage yake.

Hapo ndipo alipoingia binti yao, msusi, akitoka kazini, nywele za bandia zimemng'ang'ania kwenye mikono ya sweta. Saluni yake ilikuwa na sola. Hata salamu hazijakamilika, akasema:

"Baba, mlango wa banda la kuku nauhitaji."

Hakuna aliyeuliza mlango gani. Mwaka uliopita binti alikuwa amewaletea wazazi wake zawadi: paneli, betri na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Nguzo alishukuru sana. Betri na inveta vikabaki ndani ya boksi lao, na boksi likawa meza ya televisheni. Paneli aliitazama, akaipima kwa mikono, akaona inatosha kabisa kwenye uwazi wa banda la kuku. Akaitia bawaba, ikawa mlango. Kila mgeni alipouliza, alijibu kwamba ni imara na haiozi kwa mvua.

"Mlango wa banda unafanya kazi yake," akasema Nguzo. "Umeme unakuja kesho."

"Baba, mayai ya Mama hayajui kesho."

"Bati langu halitobolewi. Ukishatoboa bati umeialika mvua, na mvua ikizoea haiondoki. Halafu radi. Unaweka kioo juu ya nyumba kuiita radi! Na betri je? Ile ikivimba, ikishika moto, utaizimia nini? Siku ikifa mtaizika wapi? Shirika lina mahali pa kutupa vyake."

"Baba, leo asubuhi kilicholipuka kilikuwa betri?"

"Kililipuka huko nje, juu ya nguzo, mbali na watu. Wewe unataka nilipukiwe sebuleni nikitazama taarifa ya habari."

"Na waya ulioanguka ukaua ng'ombe?"

"Ng'ombe yule alikuwa mzururaji."

Bibi akacheka mpaka maharage yakamponyoka. Binti hakucheka. Alivuta stuli akakaa mbele ya babake.

"Baba, mvua ikinyesha umeme unakatika. Upepo ukivuma unakatika. Kunguru akitua unakatika. Siku nyingine jua limetulia, hakuna mvua, hakuna kunguru, unakatika tu. Mimi pale saluni sijamfukuza mteja na kichwa nusu hata siku moja."

"Na siku ya mawingu?"

"Siku ya mawingu nasuka, sikaushi."

"Haya! Umesema mwenyewe!" Nguzo akageuza kiti, akasahau kwamba alikuwa ameususia mwanga. "Inveta ile haibebi balbu nne za moto. Itabeba mbili, ikilia. Na tuseme inabeba. Mwenye nacho ananunua jua lake, anajitoa. Kesho mwingine, anajitoa. Yule mjane wa pale chini mwenye balbu mbili atabaki na nani kwenye nguzo? Ataachiwa waya peke yake. Shirika litamsikiliza nani? Umeme wa nguzo tunashikana wote, mwenye jumba na mwenye kibanda. Ukikatika, tunalia wote."

Binti akaanza kujibandua nywele za bandia kwenye sweta, maana hilo lilikuwa na ukweli na alilijua.

"Maneno mazuri," Mama Vifaranga akasema kutoka ukumbini, bado kaegemea friji. "Lakini yai haliatamiwi kwa maneno. Mama, hivi kuku wangu hawawezi kuyalalia?"

"Kuku wako ni wa kisasa, mwanangu," Bibi akasema. "Wao wanataga tu. Kuatamia wamemwachia mkwe wangu na shirika lake."

Wakaafikiana kuchemsha maji, wayatie kwenye chupa, wazipange ndani ya friji katikati ya trei. Nguzo alisaidia kubeba, na alibeba kwa bidii. Lakini binti alipokwisha kuondoka, aliinama kwenye meza ya televisheni, akafungua boksi, akachomoa waya mnene wa kuunganisha betri na inveta, akautia kwenye mfuko wa koti, akafunga kifungo. Alijiambia ni kwa ajili ya usalama wa watoto. Watoto wote wa nyumba ile walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaumia. Nguzo za mtaa ule alizisimamisha yeye, nyingine mashimo yake aliyachimba kwa mikono yake, na siku taa ya kwanza ilipowaka, watu walimbeba juu juu kama bwana harusi. Sasa binti yake wa kumzaa anamwambia aweke juu ya bati lake kitu cha kuwaambia wapita njia wote kwamba maisha yake yote alipanda nguzo za bure.

*

Kesho ikaja, shirika halikuja. Nguzo alipopiga simu aliambiwa gari liko njiani. Alipopiga tena aliambiwa liko njiani lakini la mtaa mwingine. Mara ya tatu simu ilipokelewa, ikawekwa mezani, akasikiliza watu wakibishana kuhusu mpira mpaka salio likaisha. Alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na alijua, maana mafuta yale yale na yeye alikuwa amewapaka wengi.

Mchana kutwa mkewe alichemsha maji. Jiko la mkaa halikuzima. Kila chupa zilipopoa alizitoa, akatia nyingine, na kila alipofungua mlango wa friji joto alilolihangaikia lilitoka lote. Trei za juu zilikaa vizuri. Trei ya chini kabisa haikupata joto la maana, na trei ya chini ilikuwa ya fundi cherehani.

Habari za mtaani hazina miguu lakini hufika. Jumatano asubuhi fundi cherehani alisimama uani na beseni.

"Mama Vifaranga, naomba mayai yangu."

"Jirani, bado kidogo tu. Ukiyatoa sasa unayaua."

"Yakifia kwako nitakuja kukudai, tutagombana. Yakifia kwangu nitakuwa nimegombana na mke wangu tu, na huyo nimemzoea. Kama vipi, nitayakaanga."

"Utakaanga vifaranga?"

Nyuma yake walikuwa wamejipanga wengine watatu, kila mmoja na chombo chake: sufuria, ndoo, kikapu. Mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki yake wa miaka alikuwa anatazama chini tu, kikapu kakificha nyuma ya kanga. Hilo ndilo lililomchoma Mama Vifaranga kuliko beseni la fundi cherehani. Machozi yakamlenga, akayarudisha.

"Nipeni mpaka jioni," akasema. "Jioni mkikuta limekufa hata moja, njooni mchukue kuku wangu wote walioko bandani."

Wakatazamana. Wakaweka vyombo vyao kando ya ukuta, vikabaki pale vimewatazama wenye nyumba, na wao wakaondoka.

Mama Vifaranga akageuka. Mumewe alikuwa kasimama mlangoni na koti lake.

"Wewe ndiye uliyesema kesho," akamwambia. "Na mimi nikanyamaza kwa kuwa wewe ni mume wangu na umeme ni kazi yako. Haya. Trei ya chini imepoa. Hilo koti lina joto kuliko friji. Kaa hapo juani."

"Nikae nifanye nini?"

"Uatamie."

Nguzo akamtazama mkewe aone kama ni utani. Akamtazama mama mkwe, naye Bibi alikuwa amekwisha kukaa kwenye mkeka, mtandio kauzungushia tumboni, mayai kadhaa yamekwisha kuingia. "Mimi nimezaa saba, baba, haya ni mchezo," akasema. "Toa vitu mifukoni."

Ikabidi atoe. Akatoa bisibisi. Akatoa miwani. Akatoa leso. Mfuko wa nne akasita.

"Na huo," mkewe akasema.

Akafungua kifungo, akautoa waya. Mkewe aliutambua, maana Jumatatu usiku, yeye peke yake gizani, alikuwa ameutafuta ule waya ndani ya boksi mpaka akakata tamaa, akadhani binti kasahau kuuleta. Hakupiga kelele. Aliuchukua, akauvaa shingoni kama kidani.

"Saa sita mchana," akasema. "Gari la shirika lisipofika saa sita, mlango wa banda unapanda juu ya bati. Kaa chini."

Nguzo akakaa kwenye kiti katikati ya uani. Mkewe akampangia mayai mfuko kwa mfuko, mengine akayalaza kwenye bitana kifuani, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Akambadilishia kiti upande ili jua limpige vizuri. Jasho lilianza kumtoka papo hapo.

Fundi cherehani alichungulia juu ya ukuta. Alichungulia kwa muda mrefu, kwa heshima, kama mtu aliyeingia msibani.

"Mzee Nguzo," hatimaye akasema, "si ulituambia jua halina kazi?"

"Wewe kashone suruali."

"Kwa umeme upi?"

*

Gari la shirika likafika kabla ya saa sita.

Lilisikika kwanza kwa watoto, kisha kwa mbwa, kisha honi yenyewe, na nyuma yake transfoma imefungwa kwa minyororo. Nguzo alilitambua kwa mlio wa gia. "Sikuwaambieni?" akapaza sauti. "Mama watoto, sikuwaambieni?" Akataka kuinuka, mkewe akamkandamiza bega.

"Ukiinuka umeua."

Kwa hiyo jambo alilolingoja siku tatu alilisikiliza tu kwa masikio. Alisikia ngazi ikivutwa. Alisikia mafundi wakiitana. Kila nyundo ilipogonga alitaja wanafanya nini, na mara mbili alisema hivyo sivyo. Msimamizi wao, mwanamume wa makamo aliyefundishwa kazi na Nguzo mwenyewe tangu akiwa hajui kushika koleo, aliingia uani kumwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Nguzo hakumpa mkono. Mikono yote miwili alikuwa ameikumbatia kifuani.

"Unaumwa, Mwalimu?"

"Sina ugonjwa."

"Anaatamia," Bibi akafafanua kutoka mkekani.

Msimamizi alitazama koti, akatazama beji, akatazama uvimbe wa mifuko. Alikuwa mtu wa adabu, akaangalia kuku kwa muda mpaka uso wake ulipotulia.

"Hiyo transfoma mmeitoa wapi?" Nguzo akauliza. "Mbona wakati inateremshwa imelia nyepesi?"

"Ni ya kuazima, Mwalimu. Imetoka kwenye mtaa mdogo. Yenu mpya bado haijafika."

"Basi waambie watu wazime vitu vyao! Siku tatu hawajui kipi kiliachwa kimewashwa. Pasi, majiko, friji. Umeme ukirudi vyote vitaamka kwa mpigo!"

Msimamizi akatoka kuwaambia watu. Watu wakaitikia ndiyo, na kila mmoja akaamini anayeambiwa ni jirani yake. Kuna aliyeacha swichi zote wazi makusudi ili umeme ukirudi ajue. Fundi cherehani alikuwa na pasi mbili.

Umeme ukawaka. Mtaa mzima ukapiga kelele ya furaha, redio zikaanza kuimba kila moja wimbo wake, na ndani ya friji balbu nne zikaangaza mayai kwa rangi ya dhahabu. Mama Vifaranga aliweka mikono kichwani, akacheka na kulia. Nguzo alifumba macho. Hakuna aliyewahi kuwa na furaha ya namna ile akiwa kavaa koti juani.

Halafu kukasikika mshindo, redio zote zikanyamaza kwa pamoja.

Kuku mmoja akakohoa. Msimamizi akarudi uani, kofia yake ngumu kaivua, kaishika mikononi.

"Mwalimu, fyuzi zimekwenda, na nadhani transfoma nayo imeungua. Tutarudi..."

"Usiseme," Nguzo akamwambia.

Msimamizi akachuchumaa mbele ya kiti cha mwalimu wake, akateremsha sauti, lakini uani kulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Mwalimu, nikuambie ukweli. Mimi kule kwangu nimeweka sola. Mwaka wa pili huu."

"Wewe?"

"Mke wangu ana duka la samaki, Mwalimu. Ningefanyaje? Umeme wa nguzo sijaukata, nimeuacha palepale. Nikipata huu natumia huu, nikikosa natumia ule. Lakini koti nikifika nyumbani navua, nisije nikaulizwa."

Nguzo akamtazama kijana wake yule mwenye mvi. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Akaona aibu. Aliona aibu ya waya aliouficha, ya mkewe aliyechemsha maji siku tatu akimheshimu yeye na neno lake, na ya vile vyombo vilivyopangwa ukutani. Wakati huohuo, chini ya beji, upande wa moyo, kitu kikagonga.

Kiligonga mara moja, kikapumzika. Kikagonga tena. Kisha ikasikika sauti nyembamba, ya kulalamika, kutoka ndani ya koti la shirika la umeme.

"Mama watoto," akasema Nguzo, hata hathubutu kupumua. "Kuna mtu humu."

Mkewe akapiga magoti, akatega sikio kifuani kwa mumewe mbele ya watu wote, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Yuko hai," akasema. "Yuko hai! Ni wa fundi cherehani!"

"Mwite binti yako," Nguzo akasema. "Ng'oeni mlango wa banda."

*

Kupanda bati kulikuwa kazi ya dakika chache, kwa sababu ngazi ilikuwa ya shirika, na mafundi walikuwa wa shirika, na waliona afadhali kufunga kitu kimoja siku ile kikawaka. Binti alifika mbio na kitana bado kichwani, akakuta babake kakaa katikati ya uani, hawezi kuinua hata mkono, anaamrisha kwa kidevu.

"Kanyaga penye misumari, wewe! Bati si lako hilo! Elekezeni huku, siyo huku, huku kuna kivuli cha mti wa jirani. Hapo. Tobo lizibwe kwa lami. Binti, betri haikai sebuleni, iwekwe kibarazani penye hewa. Na balbu mbili tu! Nne haibebi, nilisema Jumatatu."

"Ulisema, Baba."

"Zile mbili za chini ndizo ziwashwe. Juu maji ya moto yanatosha."

Mama Vifaranga akavua waya shingoni, akamkabidhi bintiye. Balbu mbili zikawaka. Feni ikaanza kuzunguka. Kwenye kipimajoto mstari ukapanda polepole, ukafika mahali pake, ukakaa. Ndani ya friji nako kulikuwa kumeanza ugomvi mdogo wa midomo, trei juu ya trei.

Wenye vyombo walirudi jioni kama walivyoahidi. Mayai kadhaa hayakuamka na Mama Vifaranga aliwaonyesha bila kuficha, lakini hakuna aliyetaja kuku wake. Rafiki yake wa kikapu alimkumbatia, akakaa jikoni kumenya vitunguu. Fundi cherehani alisimama mbele ya Nguzo akitazama mifuko ikitikisika.

"Mzee, hao wangu watakuwa wanajua umeme hawa."

"Watajua kusubiri," Nguzo akasema.

Jua likawa linazama. Kuku wa Mama Vifaranga, ambao tangu mchana walikuwa wanazurura mpaka barabarani, wakaanza kurudi, wakasimama mbele ya banda lililo wazi, wakishangaa.

"Mkwe wangu," Bibi akauliza, "banda sasa halina mlango. Kuku watalala vipi?"

"Nitaweka mlango kesho," Nguzo akajibu.

Mkewe akainua macho kutoka kwenye friji. Binti akainua macho kutoka kwenye betri. Msimamizi, aliyekuwa anafunga ngazi, akajishughulisha sana na kamba. Hapo ndipo Nguzo mwenyewe alipolisikia lile neno, limetoka kinywani mwake.

Akaanza kufungua vifungo. Alitoa vifaranga kimoja kimoja, na mayai yaliyobaki, akamkabidhi mkewe, naye akavipokea kwa viganja viwili na kuvilaza ndani ya joto. Mifuko ilipokwisha, Nguzo akainuka, magoti yakalia, akavua koti. Shati lilikuwa limelowa chapachapa. Akalikung'uta koti maganda, akaenda nalo mpaka bandani, akalitundika kwenye bawaba zilizobaki, mkono mmoja huku, mwingine kule, akafunga vifungo vyote mpaka chini. Beji ilitazama nje.

"Leo," akasema.

Kuku wakaingia mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa chini ya pindo.

Baridi ya jioni ilimpata Nguzo mara moja, akajikumbatia mikono. Ndani, taa ya mama mkwe ilikuwa imekwisha kuwekwa mezani.

"Njoo ukae, mwanangu," Bibi akaita. "Gazeti lako liko hapa, nimekugeuzia."

Akabeba kiti chake, akaingia nacho, akakiweka karibu na taa.